Namna ya Kuutembelea Bonifacio, Mji wa Bandari Juu ya Majabali ya Korsika

Bonifacio uko kwenye ncha ya kusini kabisa ya Korsika, kisiwa cha Ufaransa kilichomo katika bahari ya Mediterania, na msafiri anayeufikia kwa mara ya kwanza huuona kama miji miwili iliyobebana. Chini kuna bandari iliyojificha ndani ya hori jembamba lenye urefu wa kama kilomita moja na nusu, na juu, kwenye mgongo wa mawe meupe ya chokaa unaoinuka mita 60 hadi 70 kutoka baharini, kuna mji mkongwe uliozungushiwa ngome, ambao nyumba zake za upande wa bahari zimesogezwa hadi ukingoni kabisa, hata mwenye nyumba akifungua dirisha la nyuma hana kitu mbele yake isipokuwa hewa na maji. Wakazi wa kudumu ni kama 3,000 tu, lakini katika miezi ya Julai na Agosti wageni huwazidi wenyeji mara nyingi.

Wageni wengi huupa mji huu saa tatu au nne, wakiwa njiani kuelekea fukwe za Porto-Vecchio au Sardinia, kisiwa cha Italia kilicho ng'ambo, kisha huondoka wakilalamika kwamba hawakuona walichokusudia. Tatizo lao kwa kawaida si uchache wa saa peke yake, bali ni kwamba walipanga ziara kwa orodha ya vivutio ilhali hapa mpangaji mkuu ni upepo. Mlango wa bahari unaoitenga Korsika na Sardinia una upana wa kilomita 12 hivi, na kwa kuwa visiwa vyote viwili vina milima, upepo wa magharibi au wa mashariki ukifika hapo hubanwa na kuongeza kasi kama maji yanayopita kwenye shingo ya chupa. Siku hiyo boti za matembezi haziingii mapangoni, ngazi zilizochongwa jabalini hufungwa, na njia ya juu ya majabali huwa ya hatari kwa mtu mzima achilia mbali mtoto. Kwa sababu hiyo ninashauri usiku mbili zisizopungua, ili siku moja ikiharibika ibaki nyingine, na ninashauri pia kwamba kila jioni usome utabiri wa hali ya bahari wa Météo-France, idara ya hali ya hewa ya Ufaransa, kabla ya kuamua utafanya nini kesho.

Viza, majira na njia ya kufika

Mwenye pasipoti ya Tanzania, Kenya au Uganda anahitaji viza ya muda mfupi ya Schengen, yaani eneo la nchi za Ulaya zenye viza moja, ambayo humruhusu kukaa hadi siku 90 ndani ya kipindi cha siku 180. Maombi hupelekwa katika nchi unayoishi kihalali, hivyo Mtanzania mwenye kibali cha ukaazi Maskati huomba huko huko wala halazimiki kurudi Dar es Salaam. Ombi lisitangulie safari kwa zaidi ya miezi 6, wala lisichelewe hadi zikabaki pungufu ya siku 15. Ada ya mtu mzima ni yuro 90, na bima ya safari lazima iwe na kinga isiyopungua yuro 30,000. Ukitaka kuvuka kwenda Sardinia huhitaji karatasi nyingine, maana Italia nayo imo katika eneo la Schengen, lakini unapaswa kuomba kwa ubalozi wa nchi utakayokaa siku nyingi zaidi. Wasomaji wa pwani yetu wazingatie jambo moja ambalo huwachanganya baadhi ya watu: Korsika imo ndani ya Schengen lakini Mayotte, kisiwa cha Ufaransa kilicho jirani na Ngazija, haimo, kwa hiyo viza iliyotolewa kwa ajili ya Mayotte pekee haikufikishi Bonifacio, ingawa bendera inayopepea ni ile ile.

Majira yanayofaa zaidi ni Mei, Juni na Septemba. Kuanzia katikati ya Julai hadi mwisho wa Agosti bei ya malazi hupanda sana, maegesho hujaa kabla ya saa nne asubuhi, na vichochoro vya mji wa juu hupitika kwa kusukumana. Kuanzia Novemba hadi karibu na Pasaka hali huwa kinyume chake, kwa kuwa mikahawa mingi hufungwa na boti nyingi hupumzishwa. Atakayekwenda wakati huo atapata mji mtulivu na upepo mwingi. Wiki Takatifu ni kipindi cha pekee, kwa sababu vyama vya kidini vya mji, ambavyo viko vitano, huandamana usiku na mchana katika vichochoro vikibeba masanamu makubwa ya mbao mabegani, na hata asiye Mkristo ataona jinsi mji unavyorudi mikononi mwa wenyewe kwa siku chache kabla wageni hawajaanza kumiminika.

Kutoka Afrika Mashariki utaunganisha ndege Paris au mji mwingine mkubwa wa Ulaya. Uwanja wa ndege ulio karibu ni Figari, kilomita 20 hivi kutoka mjini, na ule wa Ajaccio uko mbali zaidi, safari ya saa mbili na nusu au tatu kwa gari kwenye barabara ya milimani yenye kona nyingi. Njia nyingine, ambayo mimi huipendelea, ni kulala njiani kwa meli kutoka Marseille hadi Ajaccio. Marseille yenyewe ina Wangazija wengi, na si ajabu ukasikia maneno yanayofanana na yako sokoni kabla hujapanda meli. Usitegemee treni kukufikisha, kwani reli ya Korsika inahudumia Bastia, Corte, Ajaccio na Calvi, na tawi lililokuwa likishuka pwani ya mashariki hadi Porto-Vecchio liliharibiwa mwaka 1943 wakati wa vita na halikujengwa upya. Mabasi yapo lakini ni machache, hasa nje ya majira ya joto, kwa hiyo anayeweza kukodi gari na akodi.

Anza kwa baharini

Wageni wengi hukimbilia kupanda juu mara tu wanapowasili. Mimi ningesema anza na boti, ikiwa bahari imetulia, kwa sababu mji huu ulijengwa kwa ajili ya bahari, na bila kuuona kutoka chini huwezi kuelewa kwa nini watu walithubutu kuishi juu yake. Boti za matembezi huondoka gatini, ndani kabisa ya hori, na hupita polepole kati ya kuta mbili za mawe, ngome ikiwa mkono wa kushoto. Ukitoka nje na kugeuka nyuma, mlango wa hori hauonekani tena: unafichwa na mikunjo ya jabali, na baharia asiyeujua angeupita bila kushuku kwamba ndani kuna bandari. Hiyo ndiyo siri iliyoufanya mji huu ugombaniwe. Jina lake linatokana na Bonifacio wa Toscana, mtawala aliyejenga ngome hapa yapata mwaka 830. Baadaye ukashikwa na Wapisa, watu wa mji wa Pisa huko Italia, na mwishoni mwa karne ya 12 ukaangukia mikononi mwa Genoa, mji mwingine wa Italia uliokuwa dola, ambao uliwaleta walowezi wake kutoka Liguria, eneo lake la pwani. Wazee wachache wa mji bado wanazungumza lahaja ya Kiliguria ambayo Mkorsika wa kijiji cha jirani haielewi vizuri.

Nje ya hori boti huelekea kwanza kwenye mnara wa taa wa Madonetta na pango la Sdragonato, ambalo dari yake ina tundu lenye umbo linalofanana na ramani ya Korsika, na mwanga unaopenya hapo huyageuza maji kuwa ya buluu ya kung'aa. Kisha hurudi na kupita chini ya mji wenyewe. Hapo ndipo unapoona kwamba jabali halikusimama wima bali limeliwa kwa chini, matabaka yake yamelala moja juu ya jingine kama mikate ya chapati, na mstari wa nyumba umeinamia maji. Mbele kidogo kuna pande kubwa la mwamba lililojitenga na ukuta na kusimama peke yake baharini, ambalo wenyeji wameliita Chembe ya Mchanga, jina la mzaha kwa kitu kizito kiasi hicho.

Kabla ya kulipa, uliza waziwazi kama boti itaingia pangoni siku hiyo. Safari yangu ya kwanza nilinunua tiketi kwa kampuni moja huku pepo zikivuma, tukatoka hadi kwenye mnara wa taa, nahodha akayatazama mawimbi, akageuza, na pango tukalionyeshwa kwa kidole. Alifanya vema kugeuza. Kilichoniudhi ni kwamba muuza tiketi alikuwa akijua hivyo tangu asubuhi.

Kupanda mji wa juu

Kutoka bandarini, njia ya miguu ni ngazi pana za Montée Rastello, ambazo hukufikisha kwenye kipenyo cha Saint-Roch, mahali palipo na kikanisa kidogo kilichojengwa pale alipofia mgonjwa wa mwisho wa tauni ya mwaka 1528, maradhi yaliyowaua watu wengi zaidi kuliko waliobaki. Mwinuko si mrefu lakini jua la mchana ni kali na kivuli hakuna, kwa hiyo wazee na wenye watoto wachanga watumie kigari cha watalii kinachopanda kutoka bandarini. Ukifika Saint-Roch endelea kupanda hadi lango la Genoa, ambalo Wafaransa huliita Porte de Gênes, lenye daraja la kuinuliwa kwa minyororo la mwishoni mwa karne ya 16. Hadi katikati ya karne ya 19 hili lilikuwa lango pekee la mji, na njia yake ya ndani imepindishwa kwa makusudi ili adui aliyevunja mlango wa kwanza asiweze kukimbia moja kwa moja. Pembeni yake kuna boma la Bastion de l'Étendard, ambalo huingiwa kwa tiketi. Panda juu yake, kwani kutoka hapo unaona hori lote upande mmoja na Sardinia upande wa pili.

Ndani ya kuta, funga ramani ya simu na tazama juu. Kati ya nyumba na nyumba, juu ya vichochoro ambavyo watu wawili wanapishana kwa shida, utaona matao membamba ya mawe yaliyoruka kutoka ukuta mmoja hadi mwingine. Wengi hudhani yamewekwa ili kuzuia nyumba zisiangukiane, na kweli yanasaidia kwa hilo, lakini kazi yake nyingine ni ya maana zaidi. Mgongoni mwa tao kuna mfereji, na mvua iliyonyesha juu ya paa ilisafiri kwa mfereji huo kutoka nyumba moja hadi nyingine mpaka ikamiminika katika birika. Mji uliokaa juu ya mwamba mkavu, wenye bahari pande tatu na adui upande wa nne, ulikunywa mvua yake wenyewe. Birika kubwa la umma liko chini ya baraza la kanisa la Sainte-Marie-Majeure, na barazani hapo wazee wa mji walikutana kujadili mambo na hukumu zilitolewa. Simama mbele ya baraza hilo, fuata tao moja kwa macho, kisha la pili, na utaweza kuisoma njia ya maji kama mtu anayefuata mstari wa kitabu. Ukiwa na muda wa kitu kimoja tu mjini, usipoteze muda kwingine.

Katika kanisa hilo pia huhifadhiwa kipande kinachoaminiwa kuwa cha Msalaba wa Yesu, ambacho zamani kilitolewa kwa maandamano hadi ukingoni mwa jabali wakati wa dhoruba ili kuibariki bahari. Si mbali na hapo kuna kichochoro kinachoitwa cha Wafalme Wakuu Wawili, kwa kuwa Karl wa Tano, mtawala wa Hispania na wa Dola Takatifu la Roma, alilala hapo mwaka 1541 akirejea kutoka katika vita vyake vya Algiers vilivyoshindwa, na Napoleon alikaa hapo mapema mwaka 1793. Jina limemkweza Napoleon kabla ya wakati wake, maana siku hizo alikuwa ofisa wa miaka 23 akijiandaa kwa shambulio la visiwa vya Maddalena, ambalo nalo lilishindwa.

Ngazi za Mfalme wa Aragon ndizo zinazopigwa picha kuliko kitu chochote hapa. Ni vipandio 187 vilivyochongwa kwenye uso wa jabali kwa mteremko wa nyuzi 45, kutoka mjini hadi karibu na maji. Hadithi inayosimuliwa ni kwamba askari wa Mfalme Alfonso wa Tano wa Aragon, ufalme wa zamani wa Hispania, waliouzingira mji kuanzia mwaka 1420 hadi mwanzoni mwa 1421, walizichonga kwa usiku mmoja. Mwenye kuziona kwa macho yake hataamini hivyo, na maelezo yanayokubalika na akili ni kwamba wenyeji walizichonga taratibu ili kuifikia chemchemi ya maji matamu iliyoko chini ya jabali. Yaani hapa napo ni habari ya maji tu. Tiketi inalipiwa, na ngazi hufungwa upepo ukizidi au mvua ikinyesha. Vaa viatu vyenye nyayo zinazoshika, si ndara, kwa sababu mawe ya chokaa yaliyokanyagwa kwa karne nyingi yamekuwa laini kama sabuni, na vipandio havilingani kimo. Mwenye magoti mabovu akumbuke kwamba kushuka ni hiari lakini kupanda ni lazima.

Jioni, wageni wa siku moja wakishaondoka, tembea hadi mwisho wa rasi upande wa magharibi, ukipita vinu vya zamani vya upepo, hadi kwenye makaburi ya kando ya bahari karibu na kanisa la Mtakatifu Fransisko. Ni makaburi yenye vikanisa vidogo vyeupe vilivyopangwa kwa mitaa, kama mji mwingine mdogo. Ingia kwa adabu, sauti chini, kwani familia bado zinazika humo.

Njia ya majabali na visiwa vya Lavezzi

Asubuhi ya siku ya pili, kama hakuna upepo, rudi Saint-Roch na ushike njia ya miguu inayoelekea rasi ya Pertusato, kwenye mnara wa taa uliowashwa mara ya kwanza mwaka 1844. Ni zaidi ya saa moja kwenda, na muda kama huo kurudi. Dakika 20 za mwanzo ndizo zenye mandhari inayojulikana duniani, mji ukiwa nyuma yako juu ya ukuta mweupe, na asubuhi jua huupiga usoni. Mchana mwangaza hubadilika na picha huwa na vivuli. Chukua maji ya kutosha na kofia. Usisogee ukingoni hata kama njia inaonekana imara, maana chini ya nyasi jabali limekwisha kuliwa na bahari, na unachokanyaga kinaweza kuwa dari tu.

Visiwa vya Lavezzi, ambavyo ndivyo mwisho wa kusini wa Ufaransa ya Ulaya, vimo katika hifadhi ya asili iliyoanzishwa mwaka 1999. Mawe yake si chokaa bali ni matale ya kijivu yaliyoviringika. Boti huchukua kama nusu saa. Kisiwani hakuna duka wala maji ya kunywa, kwa hiyo beba chakula, na takataka zako uzirudishe. Usiishie ufukweni kuoga tu, bali nenda kwenye makaburi mawili yaliyozungushiwa ukuta wa mawe. Tarehe 15 Februari 1855 manowari ya Sémillante, iliyotoka Toulon ikipeleka askari katika vita vya Krimea, ilipasuka kwenye miamba hiyo kwa dhoruba, na kati ya watu karibu 700 waliokuwamo hakuna aliyeokoka. Wengi wao walizikwa bila majina. Ukisimama hapo ndipo utakapoacha kumlaumu nahodha aliyegeuza boti.

Chakula na mwenendo

Chakula cha mji ni bilinganya zilizojazwa mkate, jibini, mayai, kitunguu saumu na mrehani, kisha zikakaangwa na kuokwa. Kwa kawaida hazina nyama, lakini wapishi wengine huongeza, kwa hiyo Mwislamu aulize kwanza, na ajue kwamba soseji na nyama kavu za Korsika karibu zote ni za nguruwe. Samaki wapo wa aina nyingi. Mwisho wa Oktoba na mwanzo wa Novemba waokaji huuza mkate wa wafu, wenye zabibu kavu na kokwa za jozi (walnut). Mikahawa ya bandarini ina mandhari nzuri na bei ya mandhari. Ukipanda vichochoroni utakula vizuri zaidi kwa pesa hizo hizo. Ukiingia dukani salimu kwanza, "bonjour", ndipo uulize unachotaka. Kwetu hilo halihitaji kufundishwa, lakini nimeona wageni wa mataifa mengine wakinuniwa kwa kulisahau.

Ukiendelea na safari kwenda Santa Teresa Gallura huko Sardinia, feri huondoka ndani ya hori lile lile na huchukua muda wa saa moja pungufu kidogo. Weka tiketi mapema katika majira ya joto, beba pasipoti, na uliza asubuhi ile ile kama chombo kinaondoka, kwa kuwa pepo zikizidi safari hufutwa. Wenye magari wafike mapema wapange foleni. Kisha panda sitaha ya juu, ukae nyuma upande wa kushoto: feri ikishatoka kwenye mdomo wa hori na kugeukia kusini, mji wote utapita mbele yako, kanisa, matao, ngazi za Aragon kama mkwaruzo wa kucha kwenye ukuta mweupe, na utakuwa na kama dakika kumi za kuutazama kabla nyumba na jabali havijawa rangi moja.